Chuo Hiki ni cha Nani? Maisha ya Wanafunzi na Hatima ya Chuo Kikuu Katoliki cha Lovanium, Kongo, 1954–1971

1. Utangulizi

Chuo Kikuu cha Lovanium kilikuwa chuo kikuu cha kwanza kufunguliwa katika Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji. Kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1954, juu ya uwanda wa vilima ulioko kusini mwa mji wa Léopoldville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Kinshasa. Kilidumu kwa miaka kumi na saba tu. Mwaka 1971 kilifungwa kwa amri ya serikali, wanafunzi wake wakaandikishwa jeshini, na jina lake likafutwa. Katika kipindi hicho kifupi kiliwalea wanasheria, wanatheolojia, wanasayansi na viongozi wa siasa ambao majina yao hayawezi kuachwa katika historia ya nchi hiyo.

Mjadala kuhusu Lovanium umeelekea pande mbili. Upande mmoja unakisifu kama kisiwa cha ubora wa taaluma ambacho utawala wa Mobutu ulikiharibu. Upande wa pili unakishutumu kama mmea wa kigeni uliopandwa katika udongo ambao haukuulizwa kama unauhitaji. Insha hii inadai kwamba mitazamo yote miwili inalipita swali ambalo wanafunzi wenyewe walilikabili kila siku, bwaloni, mabwenini na madarasani, nalo ni swali la umiliki: chuo hiki ni cha nani? Kanisa, serikali, wafadhili na wanafunzi kila mmoja alikuwa na jibu lake. Kwa kuwa majibu hayo hayakupatanishwa kwa mazungumzo, hatimaye yaliamuliwa kwa bunduki.

Ili kulitetea dai hilo, insha inafuatilia kwanza asili ya chuo, kisha maisha ya wanafunzi mlimani, mabadiliko yaliyoletwa na uhuru, na mwisho mfululizo wa migogoro ya mwaka 1964 hadi 1971.

2. Asili: seminari, zahanati na kilimo

Kabla ya mwaka 1954, njia pekee ya elimu ndefu iliyokuwa wazi kwa kijana wa Kongo ilikuwa seminari. Padre wa kwanza Mkongo, Stefano Kaoze, mwenyeji wa eneo la Marungu karibu na Ziwa Tanganyika, alipata daraja mwaka 1917. Kijana aliyetaka kuwa padre aliweza kusoma falsafa, teolojia na Kilatini kwa miaka mingi, bali yule aliyetaka kuwa daktari aliishia kuwa msaidizi wa daktari, na aliyependa sheria aliishia kuwa karani. Sera ya Ubelgiji ilikuwa kupanua elimu ya msingi na ya ufundi kwa watu wengi huku ikichelewesha elimu ya juu. Watawala waliamini kwamba tabaka dogo la wasomi lingewahi kudai madaraka.

Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain nchini Ubelgiji kilikwisha kuingia Kongo kwa njia nyingine. Mwaka 1926 kiliunda taasisi ya tiba iliyojulikana kwa kifupi kama FOMULAC, na mwaka 1932 kikaunda taasisi ya kilimo, CADULAC. Shughuli za taasisi hizo zilijikita Kisantu, katika eneo la misheni ya Wajesuiti, ambako wauguzi, wasaidizi wa madaktari na mafundi wa kilimo walifundishwa. Mwaka 1947 kazi hizo ziliunganishwa chini ya kituo kimoja kilichopewa jina la Lovanium, yaani jina la Kilatini la Louvain. Jina lenyewe lilitangaza nasaba: chuo kilichotarajiwa kingekuwa mtoto wa chuo cha Ulaya, kikibeba jina la mzazi wake.

Kilipohamishiwa karibu na mji mkuu na kufunguliwa rasmi mwaka 1954, uongozi ulikabidhiwa kwa Monsinyori Luc Gillon, padre na mwanafizikia Mbelgiji, aliyekiongoza hadi mwaka 1967. Wanafunzi wa kwanza hawakuwa wengi kuliko darasa moja la shule ya sekondari. Kwa kuwa shule za sekondari zenye kiwango cha kutosha zilikuwa chache, baadhi ya vijana walipitia kwanza mafunzo ya maandalizi kabla ya kuingia katika vitivo.

Kuanzishwa kwa Lovanium hakukuwa tendo la elimu pekee. Mwaka huohuo wa 1954 Ubelgiji ilipata serikali ya mseto wa Waliberali na Wasoshalisti, na Waziri wa Makoloni, Auguste Buisseret, alianzisha shule za serikali zisizo za kidini katika Kongo. Ugomvi wa shule uliokuwa ukiigawanya Ubelgiji ulivuka bahari. Mwaka 1956 serikali ilifungua chuo kikuu chake huko Élisabethville, katika jimbo la Katanga. Kwa hiyo, katika koloni ambalo miaka mitatu iliyotangulia halikuwa na chuo kikuu hata kimoja, sasa kulikuwa na viwili, kimoja cha Kanisa na kimoja cha serikali. Mwaka 1963 makanisa ya Kiprotestanti yaliongeza cha tatu huko Stanleyville. Kila mmiliki alijenga nyumba yake. Mkongo aliyekusudiwa kuishi ndani ya nyumba hizo hakuwa ameshirikishwa katika ramani yoyote.

3. Mlimani: mpangilio wa mahali na wa maisha

Mahali palipochaguliwa palikuwa na maana. Uwanda wa Mlima Amba ulikuwa nje ya mji, mbali na vitongoji vya Waafrika na mbali vilevile na mitaa ya Wazungu. Waasisi walitaka utulivu wa masomo na jumuiya inayojitegemea: madarasa, maktaba, maabara, hospitali ya chuo, nyumba za walimu, mabweni, bwalo na kanisa, vyote mahali pamoja. Mfano wao ulikuwa jumuiya ya kitaaluma ya Kikatoliki ambamo sala, masomo na mwenendo haviachani.

Umbali huo ulikuwa na faida isiyopaswa kudharauliwa. Mjini, sheria na desturi za ubaguzi ziligawa mitaa, hospitali na sehemu za starehe. Mlimani, tangu mwanzo, wanafunzi weusi na weupe waliandikishwa katika madarasa yaleyale na kufanya mitihani ileile. Shahada zilikusudiwa kuwa na uzito sawa na zile za Ubelgiji, na uongozi ulilishikilia sharti hilo kwa ukali. Kwa kijana aliyezoea kuambiwa kwamba elimu ya mtu mweusi lazima iwe ya kiwango cha chini, usawa huo wa mitihani ulikuwa na maana ya kisiasa hata kama haukutamkwa.

Lakini umbali huohuo ulitenganisha. Mwanafunzi wa Lovanium alilala katika chumba chenye umeme, alikula bwaloni na kupata posho, wakati ambapo jamaa zake mjini au kijijini waliishi kwa shida. Kila aliporudi nyumbani likizo alipokewa kama mtu mkubwa, na madeni ya kifamilia yalimsubiri pamoja na heshima hiyo. Lugha ya masomo ilikuwa Kifaransa. Wanafunzi waliotoka Katanga na Kivu walizungumza Kiswahili wao kwa wao, wengine Kilingala, Kikongo au Kiluba. Mabweni yakawa mahali ambapo kijana wa Bukavu alikutana kwa mara ya kwanza na kijana wa Mbandaka wakiwa na hadhi sawa, na wakati huohuo yakawa mahali ambapo makundi ya kikabila yalijijenga upya. Utaifa na ukabila vilikua chini ya paa moja.

Desturi nyingine ziliagizwa kutoka Ubelgiji. Wanafunzi wapya walipokewa kwa majaribio na mizaha iliyokuwa kawaida katika vyuo vya huko, na waliovumilia walihesabiwa kuwa wamezaliwa upya kama watu wa chuo. Kwa uongozi, hayo yalikuwa mambo ya ujana. Kwa wanafunzi yalijenga mshikamano ambao baadaye ungetumika kwa shughuli nzito zaidi. Kizazi kilichofundishwa kutii wakubwa wake wa bwenini na kuwalinda wadogo wake kilikuwa tayari kimejifunza kanuni za kwanza za mgomo.

Wanawake walikuwa wachache mno, kwa sababu elimu ya sekondari ya wasichana ilikuwa imepuuzwa kwa muda mrefu kuliko ile ya wavulana. Mwaka 1964 Sophie Kanza alihitimu Lovanium katika sosholojia, akawa mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu. Miaka miwili baadaye aliteuliwa kuwa waziri, naye alikuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini mwake. Mfano wake unaonyesha jinsi njia kutoka chumba cha bwenini hadi baraza la mawaziri ilivyokuwa fupi. Ufupi huo ulikuwa fursa kwa mhitimu, na kwa watawala ulikuwa sababu ya kukitazama chuo kwa jicho la tahadhari.

4. Kinu cha nyuklia na teolojia: taaluma mbili, swali moja

Mambo mawili yaliyotokea kati ya mwaka 1959 na 1960 yanadhihirisha jinsi swali la umiliki lilivyoingia katika taaluma yenyewe.

La kwanza ni kinu cha nyuklia. Mwezi Juni 1959 kinu cha utafiti cha aina ya TRIGA, chenye uwezo wa kilowati 50, kilianza kufanya kazi Lovanium. Kilikuwa cha kwanza barani Afrika. Kongo ilikuwa imeipa Marekani urani kutoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ambayo ilitumika katika mradi wa bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Kinu kilikuja kupitia mpango wa Marekani wa kueneza matumizi ya amani ya nyuklia, na Monsinyori Gillon, akiwa mwanafizikia, alikipigania kwa bidii. Kilitumika katika utafiti na mafunzo. Hata hivyo, hali ilikuwa ya ajabu: nchi iliyotoa madini hayo ilirudishiwa sehemu ndogo ya elimu yake, mlimani, chini ya usimamizi wa maprofesa wa kigeni, mwaka mmoja kabla ya uhuru, ilhali Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu katika nchi nzima walikuwa wachache kiasi cha kuhesabika kwa majina.

La pili ni mjadala wa teolojia. Kitivo cha teolojia kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1957. Mwezi Januari 1960 mwanafunzi wa kitivo hicho, Tharcisse Tshibangu, alijadiliana hadharani na mkuu wa kitivo, Alfred Vanneste, juu ya uwezekano wa kuwepo kwa teolojia ya Kiafrika. Tshibangu alishikilia kwamba imani moja inaweza kufikiriwa kwa namna ya Kiafrika, kwa kutumia mitazamo na mantiki ya watu wa Afrika. Vanneste alijibu kwamba teolojia ni elimu ya wote, na kwamba Waafrika wangefanya vema kulenga teolojia iliyo ya kweli kwa ulimwengu mzima badala ya kujifungia katika upekee wao. Mjadala huo ulichapishwa na umebaki kuwa rejea ya msingi kwa wanatheolojia wa Afrika hadi leo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mjadala huo uliwezekana. Mwanafunzi Mwafrika alimpinga mkuu wake Mzungu kwa hoja, hadharani, miezi michache kabla ya tarehe 30 Juni 1960, wala hakuadhibiwa. Mwaka 1967 Tshibangu huyohuyo ndiye aliyemrithi Gillon na kuwa mkuu wa kwanza Mkongo wa Lovanium. Hapa chuo kilionyesha kwamba kilikuwa na uwezo wa kulijadili swali la umiliki kwa njia yake chenyewe, yaani kwa hoja. Tatizo ni kwamba kilifanya hivyo katika teolojia kabla ya kufanya hivyo katika utawala wake.

5. Uhuru: wahitimu wachache, madaraka mengi

Uhuru ulikikuta chuo kikiwa bado kichanga. Wanafunzi wake wote hawakufika elfu moja, na miongoni mwao walikuwamo Wazungu wengi. Wabelgiji walipoanza kuondoka kwa wingi baada ya maasi ya jeshi ya Julai 1960, nafasi zilizoachwa wazi serikalini zilikuwa nyingi kuliko watu waliosomea kuzijaza.

Tarehe 14 Septemba 1960 Kanali Mobutu alitangaza kuwasimamisha wanasiasa, kisha akakabidhi shughuli za serikali kwa baraza la makamishna lililoundwa na vijana wahitimu na wanafunzi. Étienne Tshisekedi, aliyekuwa akisoma sheria Lovanium, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1961 alikuwa Mkongo wa kwanza kupata udaktari wa sheria katika chuo hicho. Marcel Lihau, aliyesoma Louvain, alirudi kufundisha sheria Lovanium na kushiriki katika kazi ya uandishi wa katiba za nchi.

Baraza la makamishna liliacha urithi wenye pande mbili. Kwa upande mmoja liliwaonyesha wanafunzi kwamba elimu yao ilihitajika mara moja. Kwa upande mwingine liliwafunga katika historia ya kuangushwa kwa serikali ya Patrice Lumumba, ambaye aliuawa Januari 1961 baraza hilo likiwa bado madarakani. Kizazi kilichofuata cha wanafunzi kiliubeba urithi huo kwa aibu, na wengi wao walijiweka upande wa Lumumba kwa nguvu zaidi kwa sababu waliowatangulia walikuwa wamekaa upande wa pili. Mwezi Mei 1961 wajumbe wa wanafunzi walikutana Lovanium na kuunda Umoja Mkuu wa Wanafunzi wa Kongo, uliojulikana kwa kifupi cha Kifaransa kama UGEC. Umoja huo ungekuwa sauti ya upinzani hadi ulipopigwa marufuku.

6. Mgomo wa 1964: chuo kinadaiwa na wakazi wake

Mwezi Machi 1964 wanafunzi wa Lovanium waligoma. Madai yao yalichanganya mambo ya kila siku na mambo ya msingi: hali ya maisha mabwenini, mitaala iliyoitazama Ulaya, uhaba wa walimu Waafrika, na zaidi ya yote haki ya kushiriki katika vyombo vya uongozi wa chuo.

Ni rahisi kuyatenga madai ya chakula na vyumba na kuyaita ya kitoto, kisha kuyaita ya ushiriki ya kisiasa. Mtengano huo hauelezi kilichotokea. Katika chuo kilichojengwa kama jumuiya kamili, uongozi uleule ulisimamia mtaala, chakula, saa za kurudi bwenini na mwenendo wa mwanafunzi. Padre aliyefundisha ndiye aliyeweza kuwa msimamizi wa nidhamu. Kwa hiyo aliyelalamikia sahani ya chakula alikuwa tayari anaulalamikia mfumo wa malezi uliomchukulia mtu mzima, baba wa familia wa kesho na pengine waziri, kama mtoto wa kulelewa.

Uongozi ulijibu kwa kuahidi baadhi ya mabadiliko, na idadi ya walimu Wakongo iliongezeka polepole katika miaka iliyofuata. Hata hivyo, mamlaka ya mwisho yalibaki kwa wale waliokianzisha chuo, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka nje: serikali ya Ubelgiji, serikali ya Kongo, na mifuko ya Marekani kama Ford na Rockefeller. Chuo kilikuwa cha Kanisa kwa jina, cha wafadhili kwa bajeti, na cha taifa kwa matumaini. Wanafunzi waliodai kiwe cha taifa kwa vitendo hawakujua bado kwamba dai hilo lingeweza kugeuzwa dhidi yao.

7. Kutoka maandamano hadi kambi ya jeshi, 1968–1971

Mobutu alichukua madaraka yote Novemba 1965. Mwanzoni baadhi ya viongozi wa UGEC walimwona kama mtu anayeweza kutimiza sera za kizalendo, na yeye alitumia lugha yao. Mapatano hayo hayakudumu. Januari 1968 Makamu wa Rais wa Marekani, Hubert Humphrey, alipozuru Kinshasa na kutaka kuweka shada la maua kwenye mnara wa kumbukumbu ya Lumumba, wanafunzi waliandamana kupinga walichokiona kuwa unafiki. Kiongozi wa UGEC alikamatwa, umoja wenyewe ukapigwa marufuku, na nafasi yake ikachukuliwa na tawi la vijana la chama tawala, JMPR.

Wakati huohuo maisha yalikuwa magumu zaidi. Mageuzi ya sarafu ya Juni 1967 yalipunguza thamani ya fedha, na posho za wanafunzi hazikwenda na bei za vitu. Wanafunzi walilinganisha hali yao na mishahara ya viongozi wapya. Tarehe 4 Juni 1969 waliteremka kutoka mlimani na kuingia mjini kuandamana, wakidai posho ya kutosha na ushiriki katika uongozi wa vyuo. Askari waliwafyatulia risasi. Serikali ilikiri vifo vichache. Kumbukumbu za wanafunzi hutaja makumi. Familia nyingi hazikukabidhiwa miili ya watoto wao. Viongozi wa wanafunzi walishtakiwa na kuhukumiwa vifungo, kisha wakasamehewa baadaye mwaka huohuo.

Siku hiyo inapaswa kusomwa pamoja na jiografia ya chuo. Kwa miaka kumi na mitano mlima ulikuwa umewatenga wanafunzi na mji. Waliposhuka, walikutana na mji uliowatazama kama wateule, na jeshi lililowatazama kama maadui. Umbali uliokusudiwa kuilinda taaluma uliwanyima wanafunzi washirika walipowahitaji.

Miaka miwili baadaye, tarehe 4 Juni 1971, wanafunzi walifanya kumbukumbu ya wenzao waliouawa. Katika mila za watu wengi wa nchi hiyo, maiti asiyezikwa kwa heshima hulidai deni lake kwa walio hai, na kumbukumbu hiyo ilikuwa jaribio la kulilipa. Lakini mama yake Mobutu alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, na utawala uliichukulia ibada hiyo ya maombolezo kuwa tusi kwa kiongozi. Jeshi lilikizingira chuo. Lovanium ilifungwa, na wanafunzi zaidi ya elfu mbili waliandikishwa jeshini, wakiwamo wanawake na watawa. Vijana waliokuwa wakijiandaa kwa mitihani walivikwa sare na kufundishwa gwaride.

Mwezi Agosti 1971 vyuo vikuu vitatu vya nchi, yaani Lovanium, kile cha Lubumbashi na kile cha Kisangani, viliunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa. Nchi ilipobadilishwa jina Oktoba mwaka huo, chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Tshibangu, aliyekuwa sasa askofu msaidizi wa Kinshasa, aliwekwa kuwa mkuu wake. Vitivo viligawanywa kati ya miji mitatu, na masomo ya fasihi, historia na sayansi za jamii yalihamishiwa Lubumbashi.

Hapo ndipo kinaya cha historia hii kinapoonekana wazi. Kuondoa chuo mikononi mwa wageni na kukiweka katika huduma ya taifa lilikuwa dai la wanafunzi tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Serikali ilitimiza maneno ya dai hilo na kuua maana yake. Wanafunzi walitaka chuo kiwe cha taifa ili wao, kama raia, wawe na sauti ndani yake. Mobutu alikifanya kuwa cha taifa ili sauti hiyo inyamaze. Kanisa nalo lilipoteza chuo chake kikubwa, na mwanzoni mwa 1972 Askofu Mkuu Joseph Malula wa Kinshasa alilazimika kwenda uhamishoni kwa muda kutokana na mgogoro wake na utawala.

8. Urithi uliotawanyika

Kufutwa kwa jina hakukufuta kazi yote. Kuhamia Lubumbashi kuliwapeleka wasomi wa fasihi na jamii katika mji wa wachimba migodi ambao lugha yake ya mitaani na kazini ni Kiswahili. V. Y. Mudimbe, aliyehitimu Lovanium mwaka 1966, alifundisha huko na kuanza kuandika kazi zilizohoji namna Ulaya ilivyoifikiri Afrika. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo hicho mwanzoni mwa miaka ya 1970, alitafiti Kiswahili cha wafanyakazi wa Katanga. Hivyo amri iliyokusudiwa kuwatawanya wasomi iliwakutanisha baadhi yao na lugha ya watu, jambo ambalo mlima ulikuwa umelichelewesha.

Mwaka 1981 chuo cha taifa kiligawanywa tena, na mlimani kukawa na Chuo Kikuu cha Kinshasa, ambacho bado kinatumia majengo ya Lovanium. Kitivo cha teolojia, kilichotengwa na chuo cha taifa katika miaka ya 1970, kiliendelea chini ya maaskofu. Kilipanuka na kuongeza masomo mengine, na mwaka 2009 kikawa Chuo Kikuu Katoliki cha Kongo. Mashariki, huko Bukavu, Kanisa lilifungua Chuo Kikuu Katoliki mwaka 1989. Vyuo hivyo vilianza vidogo kama Lovanium ilivyoanza, lakini vilizaliwa ndani ya miji, chini ya maaskofu Wakongo.

9. Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba Lovanium haikuanguka kwa sababu ya udhaifu wa taaluma yake, wala haikuangushwa na utawala wa kijeshi peke yake. Waasisi wake walijenga jumuiya iliyokamilika katika kila kitu isipokuwa uraia wa wakazi wake. Waliwapa wanafunzi usawa wa mitihani bila usawa wa maamuzi, hadhi bila washirika, na nafasi ya kubishana juu ya Mungu kabla ya nafasi ya kubishana juu ya bwalo. Pale mgomo wa 1964 ulipoleta swali la umiliki mezani, kulikuwa na muda wa kulijibu. Muda huo ulipotumika kuahirisha, jibu lilitolewa na mtu ambaye hakuwa mwalimu wala mwanafunzi.

Ulinganisho na mjadala wa Januari 1960 unabaki kuwa kipimo cha haki cha chuo hicho. Katika chumba kimoja cha Lovanium, mwanafunzi na mkuu wake waliweza kutofautiana hadharani juu ya jambo zito na kuachana kwa heshima, na mwanafunzi huyo akaja kukiongoza chuo. Laiti namna hiyo ya kutofautiana ingevuka mlango wa kitivo na kuingia katika baraza la uongozi, swali la chuo hiki ni cha nani lingejibiwa na wale waliolala ndani yake. Waliouawa tarehe 4 Juni 1969 walikuwa wakilidai jibu hilo. Historia ya vyuo vikuu vya Kongo haiwezi kuandikwa kwa haki bila kuwahesabu miongoni mwa waasisi wake.